Mdudu Aliyepakwa Poda

Milola nzima hakuna mtu aliyewahi kutoka studio kwa Benadetha bila kufokewa. Unaingia na shati lako la Idi, umeoga, umejipaka mafuta mpaka shingoni, unakaa kwenye stuli mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na kabla hujapumua unaambiwa, "Funga huo mdomo, nani kakuambia tunapiga picha za meno?" Ukitabasamu, kosa. Ukinuna, kosa. Ukifumba macho flashi inapowaka, ole wako. Na juu ya mlango kuna kibao kimeandikwa Studio Tabasamu!

Kibao alikichora Tomaso, mumewe. Tomaso alishakwenda zake Masasi na mwanamke mwingine, akaacha kibao, kamera ya Zenit na shamba la mikorosho. Benadetha hakulia. Alivichukua vyote vitatu akavifanya vyake, na aliyethubutu kumpa pole alijibiwa, "Pole mpe huyo aliyemchukua."

Lakini watu walikwenda tu, kwa sababu sura zao zilitoka. Hapo ndipo penyewe. Mpiga picha wa kubahatisha akimpiga bibi harusi aliyevaa shela jeupe, ile sindano ya kupimia mwanga juu ya kamera huona weupe wa shela ikadhani dunia nzima inang'aa, na yeye kwa ujinga wake huifuata. Picha ikirudi, shela limetoka vizuri na bibi harusi ni kivuli chenye meno. Benadetha hakuiamini sindano. Aliutazama uso, akalifungua tundu la lenzi zaidi kuliko sindano ilivyotaka, na shela likipauka kidogo, potelea mbali. "Shela utalirudisha kwa mwenyewe," alikuwa akisema, "uso ni wako." Na uso ukimeta kwa mafuta au jasho, alikuwa na kopo lake la poda. Pu, pu, kwenye paji, puani, mng'ao kwisha.

Sasa tuje shambani, maana ugomvi ulianzia huko. Shamba lake lilipakana na la Yahya, Mmwera wa hapohapo Milola, mtu mzima mwenye ndevu za heshima na ulimi usiokuwa nayo. Miaka ile ndiyo miaka ya ruksa. Korosho zilizokuwa zikinunuliwa na chama peke yake zikaanza kununuliwa na kila mwenye gari na magunia, na salfa ya kuulia ugonjwa wa unga, iliyokuwa ikiletwa na serikali ikipenda, ikawa inauzwa dukani kama sukari. Yahya akanunua mashine ya kupulizia, ile ya kubeba mgongoni, inayonguruma mpaka kuku wa kijiji cha pili wanakimbia. Akawa anapulizia mashamba yake na ya watu kwa malipo, anatembea ndani ya wingu la unga wa njano kama mtu aliyepewa cheo. Benadetha alimchukia tangu siku alipoisikia mashine. Alisema inamtikisia kamera.

Msimu ule, machipukizi mapya ya mikorosho ya Benadetha, yale mekundu laini, yakaanza kutoka madoa meusi. Yakalia utomvu, yakajikunja, yakakauka. Kwa mbali ungesema mtu amepitisha mwenge juu ya miti.

Na hapa nisimung'unye maneno. Studio haikumlisha Benadetha. Studio ilimpa sabuni na chumvi. Chakula kilitoka kwenye korosho. Mikorosho ile ikifa, ilibidi afunge virago arudi kwa kaka zake kule uwandani Newala, akae uani kwa wifi zake, ale kwa masimango, aambiwe kila akigusa sufuria kwamba mume amemshinda. Afadhali kufa, alisema, na alikuwa hatanii.

Akaenda mpakani akapiga kelele. "Yahya! Umeniunguzia miti!"

"Salamu kwanza, jirani."

"Salamu wape wanao! Njoo uone ulichonifanyia."

Yahya akasogea mpaka kwenye mstari wa mkonge, akatazama, akabana midomo. "Hii si salfa. Salfa haiunguzi. Mbona yangu mizima?"

"Yako umeipulizia kwa adabu, yangu umenitupia makapi!"

"Mama, mimi nina mashine, sina jini. Upepo siutumi."

"Basi na hiyo mashine hutaituma tena. Subiri uone."

"Kumbe ndiyo maana Tomaso..." Hakumaliza. Bonge la udongo lilimpita sikioni.

Kesi ikafika baraza la kata. Mwenyekiti alikuwa mzee Ismael, mtu wa taratibu, mwenye tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho mpaka mgeni akadhani amelala. Benadetha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamwaga yote kwa pumzi moja. Alitaka Yahya ampe mistari miwili ya mikorosho iliyo mpakani, avune yeye mpaka yake itakapopona. Yahya akasema hata tawi hatoi.

"Tutasikiliza baada ya Idi," alisema Ismael. "Ila mpaka hapo machipukizi yatakuwa yameshapukutika, na mimi siwezi kuamua juu ya kitu kilichodondoka. Wewe si mpiga picha, Mama Studio? Piga."

Benadetha akaona ameshinda. Alijua ujanja mmoja aliouona kwa Tomaso: ukiichomoa lenzi ukaigeuza nyuma mbele, ukaishikilia kwa mkono mdomoni mwa kamera, inaona vitu vidogo vikawa vikubwa. Akalala chali chini ya mkorosho, akayalenga machipukizi juu, mbingu nyeupe nyuma yake. Sindano ikasema mwanga tele. Na yeye, aliyewasuta wapiga picha wa harusi miaka yote, siku hiyo hasira ilimjaa akaifuata sindano. Filamu ikapandishwa basi kwenda Lindi kwa Valentini, mwenye mashine ya kusafishia picha za rangi, na picha ziliporudi zilikuwa nyeusi tititi. Chipukizi, jani, tawi, vyote mkaa.

Hakujali. Alifurahi hasa. Yameungua, si mnaona? Akaipeleka moja kwa Mwenyekiti, akamkuta Yahya kibarazani anakunywa chai.

Yahya aliipokea, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Hii picha au ukoko wa ugali? Kamera ni ya Tomaso, na ufundi aliondoka nao!" Akaigeuzia juani. "Na hiki nini? Mwenyekiti, tazama hapa ubavuni mwa chipukizi. Kina miguu."

Palikuwa na alama nyembamba, na vijistari viwili vitatu vimetokeza.

"Uchafu wa kusafishia," alisema Benadetha.

"Uchafu una miguu?"

Ismael akafumbua macho. "Ikiwa ni mdudu ndiye aliyekula miti yako, mama, hapa hakuna kesi. Mdudu haitwi barazani, na mdudu halipi. Ikiwa ni uchafu, Yahya ana la kujibu. Tuletee picha tuone."

"Hawezi," Yahya alisema, akifuta chai ndevuni. "Haki ya Mungu, hawezi."

Mtu mwenye akili angesema kamera imeharibika, akaenda zake. Ile picha nyeusi ilikuwa inamtosha kabisa. Lakini neno "hawezi" lilikuwa limemwingia Benadetha mahali pabaya. Alitoka pale amevimba kama chura. Alitaka kumpiga picha mdudu yule, kama yupo, aonekane mpaka kope zake, kisha amthibitishie Yahya kwamba kidudu cha ukubwa ule hakiwezi kuangusha mkorosho hata kikikesha kinakula.

Yupo! Alimkuta alfajiri, umande haujakauka, mdudu mwembamba kama mbu aliyekonda, kiuno chekundu, papasi za kichwani ndefu kuliko mwili, amechomeka mdomo kwenye chipukizi kama mlevi kwenye mrija wa pombe. Na pembeni yake doa jeusi bichi, linalia utomvu. Benadetha aliliona doa lile akaliruka kwa macho. Hakutaka kujua.

"Tulia wewe!" alimfokea. "Kidevu juu!"

Wateja wake wote walimsikia, huyu hakusikia. Kila kivuli cha lenzi kilipomgusa, alizunguka nyuma ya chipukizi upande wa pili, na Benadetha naye anazunguka, magoti kwenye matope. Na akishampata, kazi ndipo inapoanza. Kwa karibu namna ile, ukimwona vizuri jicho, miguu imeshapotea kwenye ukungu. Pumua tu, jicho nalo limekwenda. Dawa yake ni kulibana tundu la lenzi liwe dogo kabisa, hapo mdudu anaonekana kichwa mpaka mkia, lakini tundu dogo linanyima mwanga na kila kitu kinarudi kuwa mkaa. Kwa hiyo flashi. Lakini flashi ya juu ya kamera inamulika mbele, inampita mdudu aliye chini ya pua, kama mtu anayesalimia jirani wa nyumba ya tatu akamruka aliye mlangoni. Benadetha akaichomoa, akaifunga kwenye waya wake mrefu, akaishika kwa mkono wa kushoto karibu na mdudu kama mtu anayemwonjesha uji.

Valentini alirudisha filamu ile na ujumbe kwa kondakta wa basi: "Mwambie Mama Studio ameniletea picha za radi." Kweli. Nyeupe pe, kama chokaa. Flashi ilikuwa karibu mno.

Akarudi tena. Safari hii akaisogeza flashi mbali kidogo, ubavuni, na chini ya chipukizi akaweka sahani nyeupe ya bati irudishe mwanga tumboni mwa mdudu. Sasa alikuwa anaiona picha itakavyokuwa, na alipoiona aligundua kosa moja: mgongo wa mdudu unameta. Umande na utomvu vimemfanya kama mtu aliyejipaka mafuta ya nazi, na flashi ikimpiga, mgongoni litatoka doa jeupe litakaloharibu kila kitu.

Sasa mpiga picha wa Milola akiona mteja anameta anafanya nini? Mkono ulikwenda wenyewe mkobani. Akamimina poda kidogo kiganjani, akampulizia mdudu taratibu, pu, pu. Mdudu alikuwa bado mzito kwa baridi, hakuruka. Poda ikamtua mgongoni, ikatua na kwenye chipukizi. Mng'ao kwisha. Benadetha akapiga.

Picha iliporudi, hata yeye alikaa chini. Loo! Kila kipande cha mguu, kila pete ya papasi, mdomo umezama kwenye chipukizi, na juu ya yote vumbi jeupe laini. Hajapata kupiga picha nzuri kama ile maishani mwake. Aliibusu. Kisha akakumbuka kwamba ile picha inamwangamiza, maana mdudu yupo na anakula, na kilio chake chote kilikuwa cha bure. Usiku kucha hakulala, asubuhi akaenda nayo barazani hivyohivyo, kwa sababu kuificha ilikuwa ni kumwachia Yahya lile neno lake.

Baraza lilijaa. Umi muuza vitumbua, ambaye hakuitwa na mtu, alikaa mbele kabisa. Ismael akaipokea picha, akafumbua macho yote mawili. "Subhanallah," alisema. "Mdudu huyu hapa."

"Si nilisema?" Yahya aliinuka. "Nilisema!"

Benadetha akawa ameshakunja kanga yake aondoke, ndipo Umi alipochungulia picha begani kwa Mwenyekiti akapiga ukelele.

"Salfa hiyo! Tazameni mgongoni! Kajaa salfa!"

Picha ikapita mikononi. Wee, ni kweli. Mdudu ana unga. Chipukizi lina unga. Na unga Milola wote ni wa nani kama si wa Yahya? Mtu mmoja akasema, basi mambo ni wazi, Yahya amepulizia kwake, wadudu wakakimbia na salfa mgongoni, wakaingia kwa jirani. Wamefukuzwa kama mbuzi! Baraza zima likasema enhee.

"Salfa ni ya njano!" Yahya alipiga kelele. "Hii nyeupe!"

"Labda ni flashi," mwingine akasema. "Si tuna fundi hapa? Aulizwe."

Ismael akamgeukia. "Eti, mama. Flashi hupausha rangi?"

Benadetha alisimama. Macho yote kwake. Alijua ule unga umetoka kopo gani na hilo kopo liko wapi. Alijua pia uani kwa wifi zake kuna jiwe gani la kukalia. Na swali lenyewe halikuwa na uongo ndani yake, flashi hupausha kweli, mtoto wa fundi anajua.

"Hupausha," alisema.

Yahya alikaa. Uso wake ulibadilika, na si kwa hasira. Alianza kujishuku. Alikuwa anakumbuka asubuhi zake, upepo ulivumaje, mashine aliielekeza wapi. "Inawezekana," alisema polepole. "Wallahi sikukusudia, lakini inawezekana." Benadetha alitazama pembeni. Alijisikia vibaya, na kwa kuwa hakupenda kujisikia vibaya, alizidi kumchukia.

Mwenyekiti akamwambia karani aandike: mistari miwili ya mpakani, avune Benadetha. Karani alikuwa Stefano, kijana mpole, msifu watu. Alikuwa ameishika ile picha, anaipenda, anaigeuza. Hakuwa na nia mbaya hata chembe.

"Lakini huyu Valentini wa Lindi ni fundi jamani," alisema. "Amesafisha mpaka mdudu hana hata mng'ao. Na kamera nayo, Tomaso alijua kuchagua. Mama Studio ana bahati."

Benadetha alikuwa ameshashinda. Kilichobaki ni kufunga mdomo tu, kitu ambacho mbuzi anakiweza.

"Bahati?" alisema. "Bahati ya nani? Valentini anajua nini zaidi ya kutia filamu kwenye mashine? Tomaso alipata kupiga nini kidogo kuliko kichwa cha ng'ombe? Nani aliyelala kwenye umande? Nani aliyeishika flashi kwa mkono mpaka ganzi? Nani aliyeona mgongo unameta? Mng'ao umeondoka kwa sababu mimi, Benadetha, ndiye niliyempaka poda!"

Kalamu ya Stefano ilisimama.

"Ulimpaka nini?" aliuliza Mwenyekiti.

Hakuna aliyengoja jibu. Umi ndiye aliyeanza, akaanguka ubavu, kisha baraza zima. Watu walilia kwa kicheko. Amempaka poda! Na wanja je? Na mahari ametoa nani? Yahya peke yake hakucheka. Alisimama.

"Nilikuwa nampa miti yangu," alisema. "Nilikuwa naomba radhi. Kwa poda."

Ismael akalinyamazisha baraza kwa kiganja. Alisema maneno machache na hakumtazama Benadetha alipoyasema. Mdudu ndiye aliyekula, mdudu halipi, kesi hakuna. Waswahili walisema mdomo uliponza kichwa, na wa huyu mama uliponza kichwa na shamba pamoja.

Ungedhani angetoka kimya. Thubutu! Alifika mlangoni akageuka. "Basi andikeni hili. Mashine yake isivuke mpaka wangu. Hata tone."

"Andikeni!" Yahya alijibu. "Andikeni kwa wino mzito. Hata tone!"

Likaandikwa. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho.

Wiki ile hakuna bibi harusi aliyekuja studio. Watoto walipita dirishani wakiimba "poda, poda" wakakimbia. Benadetha alikaa na hasira zake kama mtu aliyefungiwa na nyuki. Kisha akazisokota zote akarudi shambani alfajiri, kwa mdudu yuleyule au nduguye, safari hii bila kopo. Kama mng'ao ni wa mwanga, alijiambia, basi poda upakwe mwanga, si mdudu. Akaitoa leso nyeupe ya Tomaso, akaikunja, akaifunga usoni kwa flashi. Mwanga ukatoka mpole, umesambaa, kama jua la asubuhi nyuma ya wingu. Kwa kuwa leso imeula nusu yake, akaisogeza flashi karibu tena, karibu kabisa. Sahani chini, tundu limebanwa, pumzi imebanwa. Akapiga.

Hii ndiyo ilikuwa picha. Kiuno chekundu kilitoka chekundu, tumbo la kijani kijani, doa la chipukizi linaonekana linavyooza kuanzia pale mdomo ulipozama. Aliitundika dirishani katikati ya mabibi harusi, wapite waione, wacheke wakiwa na sababu.

Aliyesimama dirishani siku ya pili alikuwa Yahya. Alisimama kitambo. Akaingia bila hodi.

"Nipe hiyo picha."

"Ya nini? Ya kulalia?"

"Nimemwona huyu kwangu leo. Mistari ya mpakani imeanza."

Benadetha alifurahi. Sisemi uongo kumpamba: alifurahi mpaka moyoni, akamshukuru Mungu mbele ya mwenye msiba. Kisha akamuuzia picha kwa bei ya harusi, na Yahya akalipa bila kubisha, akaiweka katikati ya kurasa za gazeti isikunjike, akapanda basi la Lindi. Muuza dawa za mashamba kule hakuuliza swali hata moja. Aliitazama picha, akasema salfa haimwui huyu, salfa ni ya ugonjwa wa unga, akashusha kutoka rafuni dawa ya maji. Mashine ileile, ukiibadilisha mdomo, inapuliza maji.

Yahya akapulizia. Akafika kwenye mkonge wa mpakani, akazima mashine, akageuka. Machipukizi ya upande wake yakasimama, yakatoa maua. Ya upande wa pili yakaendelea kuwa mkaa, na wadudu waliobaki wakanenepa. Benadetha alihesabu miti iliyokuwa na maua akaacha kuhesabu. Aliwahi hata kutoa sanduku uvunguni akalipangusa vumbi.

Siku ya mzunguko wa pili wa kupulizia alikwenda kumngojea mpakani. Jua ndilo kwanza linatoka. Yahya alikuja na ngurumo yake, mti baada ya mti, akafika kwenye mkonge, akazima. Kukawa kimya mpaka unasikia dawa inavyodondoka majanini.

"Vuka," alisema Benadetha.

"Hata tone," alijibu Yahya. "Au umesahau?"

"Nimesema vuka."

"Nimesikia. Na barazani nilisikia."

Benadetha alitazama miti yake. Alimwona wifi yake mkubwa anavyomsogezea jiwe la kukalia. Neno lenyewe hakuwa na mazoea nalo.

"Naomba," alisema.

"Sikusikia."

"Naomba, Yahya! Naomba uvuke, unipulizie!" Sauti ikafika barabarani. Umi, aliyekuwa anapita na beseni la vitumbua, alisimama kabisa asikilize.

Yahya akaruka mkonge. Akaiweka mashine sawa mgongoni, akashika kamba ya kuwashia.

"Ningevuka tu," alisema. "Nikikuachia wadudu wako, wiki ijayo wote wako kwangu. Mwenyekiti nilishamweleza jana, akaniruhusu. Nilikuwa nasubiri upepo utulie."

Benadetha alihisi damu imempanda mpaka masikioni. Ameomba bure! Tena mara mbili, tena Umi yupo, na kabla ya adhuhuri Milola nzima itakuwa imejua. Alikuwa na la kumjibu, alikuwa nayo hata manne, na yote makali. Akavuta pumzi aanze. Lakini mashine ilishanguruma, dawa ilishajaa hewani, ikambidi afunge mdomo, ajizibe pua kwa kanga, na asimame vilevile mpaka Yahya alipomaliza mti wa mwisho.